Mashua Iliyojengwa kwa Siku Moja

Pasi niliyosafiria kwenda ziwani ilikuwa karatasi ndogo kuliko kiganja. Karani wa chifu aliandika juu yake jina langu, kijiji chetu cha Kiganjo, siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Chini palikuwa na alama ya dole gumba la mama yangu, kwa wino wa zambarau. Tangu hapo nimesafiri mara nyingi na kubeba vyeti vikubwa zaidi, lakini sijachunga kimoja kama nilivyoichunga karatasi ile.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni. Bado tuliishi katika kijiji tulimokusanywa, nyumba zimepangwa kwa mistari, handaki limetuzunguka, na mtu hatoki bila ruhusa. Baba alikuwa kizuizini kwa mwaka wa nne. Mama alikuwa na ruhusa ya kutoka kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, kwenda kibaruani katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Lori liliwachukua wanawake langoni kukipambazuka na kuwarudisha jioni. Ruhusa hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Mwanamke aliyenyang'anywa ruhusa alibaki kijijini akifyeka njia na kuzibua handaki, na watoto wake walikula kwa majirani mpaka majirani walipochoka.

Shule yetu ilikuwa Thika mjini. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mtu wa Nyanza, na nadhani alikuwa amechoka kutufundisha ziwa kwa chaki ya buluu. Aliiandikia shule aliyosoma yeye mwenyewe, wakakubaliana: wanafunzi watano wa kwetu wakae ziwani wiki tatu za likizo ya Agosti, na watano wa kule wakae kwetu. Kila mmoja angelala katika kitanda cha mwenzake. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na daftari safi. Sijui sababu nyingine, na sikuwa wa kwanza darasani.

Chifu hakupendezwa. Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, kisha akauliza ni nani atakayeniwekea dhamana. Mama akasogea mbele.

"Huyu asiporudi Jumamosi hii iliyoandikwa hapa," chifu alimwambia, "usije kuniuliza tena habari ya Ruiru. Utakaa hapa na jembe la handaki."

"Atarudi," mama alisema.

"Sijakuuliza."

"Na mimi nimekujibu."

Karani alikohoa ili asicheke. Mama alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akalifuta kwa jani la mgomba nje ya ofisi. Tulitembea mpaka tukakaribia nyumbani. Ndipo alipotoa maagizo yake, nami nikayaandika usiku huo huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Utakula wanachokula. Utalala watakapokulaza. Na ukiona kazi, usikae."

Yale mawili ya kwanza hayakunipa taabu kubwa. La tatu ndilo lililokaribia kumharibia mama maisha yake.

Kijana niliyebadilishana naye nilimkuta stesheni ya Thika, akishuka na wenzake kwenye gari la moshi lile lile ambalo sisi tungepanda. Alikuwa mrefu kunizidi, na viatu vyake alivibeba mkononi ili visichakae. Tulipewa dakika chache tu za kusalimiana.

"Baba yangu ni fundi wa mashua," aliniambia. "Haongei sana. Bibi ndiye anaongea. Usimwogope, anamsumbua tu yule aliyempenda."

"Na wewe usimwambie mama yangu umeshiba," nilimwambia. "Hataamini."

Tuliondoka pamoja na mwalimu. Ziwa tulilifikia kesho yake alasiri, baada ya gari la moshi mpaka Kisumu na basi la vumbi kuelekea upande wa magharibi. Mimi nilizoea mito. Chania unaweza kurusha jiwe likavuka, na huko Ruiru mto una mahali pa kurukia juu ya mawe. Nilisimama ufukweni nikatafuta ng'ambo, sikuiona. Nikamuuliza mwalimu iko wapi.

"Ng'ambo ni Uganda," alisema. "Ndiyo maana chaki yangu haikutosha."

Lazima niseme pia nilikwenda na majivuno. Nilikuwa nimetahiriwa mwaka uliotangulia, na kwetu hilo lilimaanisha kwamba mimi si mtoto. Watu wa ziwani tuliowajua walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na viwanda vya Thika, na sisi vijana tuliwasema vibaya kwa sababu hawatahiriwi. Nilidhani nakwenda kukaa kati ya watoto warefu. Siku ya kwanza bibi, mama yake fundi, alinishika kidevu, akanifungua mdomo, akahesabu meno yangu ya chini. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Yeye na watu wa rika lake walikuwa wameng'olewa meno sita ya chini walipopevuka. Bibi hakujua Kiswahili, na fundi ndiye aliyetafsiri.

"Anauliza, taya likikaza siku ya ugonjwa, tutakupitishia wapi uji? Anasema wewe ni mkubwa hivi na bado una meno ya kitoto."

Nimelikumbuka swali lile kila niliposikia mtu akimwita mwenzake mtoto.

Jioni hiyo nililetewa samaki aina ya ngege, mzima, na kichwa chake. Kwetu siku zile samaki alihesabiwa kuwa ndugu ya nyoka, na sikuwahi kumwona mtu wa ukoo wetu akimla. Nilikumbuka ukurasa wa kwanza wa daftari. Bibi aliuona mkono wangu ukisita, akasogea, akaanza kuchambua miiba kwa vidole na kuweka nyama juu ya ugali wangu, kipande kwa kipande, kama anavyofanyiwa mtoto wa miaka miwili. Alifanya hivyo kwa siku tatu mpaka nilipojifunza. Hakuwahi kunisema kwa hilo.

Mashua ilikuwa imesimama kwenye magogo chini ya kivuli cha nyasi, hatua ishirini kutoka majini. Fundi alikuwa akijijengea mwenyewe. Mashua yake ya zamani ilikuwa imeoza, na kwa miezi mingi alikuwa akivua kwa mashua ya kuazima na kumwachia mwenye mashua nusu ya samaki. Mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua yote, ulikuwa umekwisha, na mbavu zimesimama. Mbao za mvule zilikuwa zimepigiliwa upande wa kulia mpaka juu. Upande wa kushoto zilibaki mbili. Nilizipima hizo mbili kwa kamba, zikiwa bado chini, nikaandika. Fundi alinitazama siku mbili.

"Unaandika nini?" aliuliza siku ya tatu.

"Urefu wa mbao."

"Kwa nini?"

"Ili nisisahau."

"Mimi nimejenga kumi na moja," alisema. "Sijaandika hata moja. Na hazikusahau kuelea."

Lakini kesho yake alinipa ncha ya kamba nimshikie, na tangu siku hiyo nilifanya kazi karibu naye: kumletea misumari, kushika ubao aukate, kuchambua pamba. Mashua yenyewe hakuniruhusu kuigusa, nami sikuona ajabu. Nilifikiri ananiona sina ujuzi. Mianya kati ya mbao ilizibwa kwa pamba iliyopakwa mafuta ya ng'ombe, ikasukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Miaka mingi baadaye nilikuta katika kamusi kwamba kazi hiyo inaitwa kukalafati. Pale ziwani ilikuwa kuziba tu.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Kwetu nyumba ilijengwa kwa siku moja. Mwenye nyumba alikusanya miti na nyasi kwa majuma mengi, lakini siku ya kujenga watu walikuja alfajiri, wanaume kwa miti na wanawake kwa nyasi, na kabla ya jua kuzama moto ulikuwa umewashwa ndani. Nyumba iliyolala bila paa ilikuwa nyumba yenye mashaka. Wazee walisema huenda mwingine asiyeonekana ameshaingia kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo aliyepita na kuona kazi imebaki aliweka mzigo wake chini akashika. Hakuomba ruhusa. Kumpita mtu ambaye nyumba yake haijafunikwa ilikuwa sawa na kumtukana.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudi, fundi alikwenda sokoni. Kabla ya kuondoka alikuwa ameanza kuziba mwanya mmoja upande wa kulia, akauacha katikati, pamba ikining'inia. Nilikaa mbele yake na daftari langu. Nilijaribu kuandika, nikashindwa. Mwanya ule uliachwa wazi kama nyumba bila paa, na jua lilikuwa linateremka. Ukiona kazi, usikae. Nilichukua patasi na nyundo nikaumalizia, hatua zangu nne kamili, kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nilipomaliza nilirudi nyuma kuutazama, nikajisifu moyoni.

Bibi ndiye aliyeniona, alipokuwa akipita na mtungi. Aliuweka chini polepole, akasema neno moja kwa sauti ya juu, akaketi kwenye mchanga akiwa ameshika shavu. Fundi aliporudi alikuta bado ameketi.

"Nani ameshika mashua yangu?"

"Mimi, baba," nilisema. "Nilimalizia. Nilitaka kusaidia."

Alipitisha kidole kwenye mwanya wote. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Umeziba vizuri kiasi," alisema. "Sikiliza. Mashua ni kama bibi arusi. Watu wote walioishika kabla haijaingia majini lazima wawe ndani yake siku ya kuingia. Ndiyo maana mimi natumia watu wawili tu, mimi na ndugu yangu. Mmoja asipokuwepo, mashua itakuwa inamtafuta. Na mashua inayotafuta mtu haitafuti samaki."

"Itaingia lini?"

"Jumatatu ijayo, si hii. Pengine Jumanne. Kuna mbao mbili, kuna viti, kuna kuziba kote huku. Wewe utakaa mpaka hapo. Nitamwambia mwalimu wako."

Nilihesabu siku kwa vidole. Jumamosi iliyoandikwa kwenye pasi ilikuwa siku mbili kabla ya Jumatatu hiyo. Alidhani naogopa mwalimu, akaanza kunituliza. Ndipo nikaitoa ile karatasi ndani ya jalada la daftari, ilikokuwa imekunjwa, nikamwonyesha dole gumba la mama. Nilimweleza yote: kijiji, lori la Ruiru, wadogo zangu, na kauli ya chifu. Mpaka siku ile nilikuwa nimeficha. Niliona aibu watu wa huko wajue kwamba baba yangu amefungwa na kwamba mama anaomba ruhusa ili apalilie kahawa.

Fundi aliishika karatasi kwa ncha za vidole kama kitu cha moto, akamsomea bibi kwa lugha yao. Walibishana muda mrefu. Mwisho alinigeukia.

"Mama yangu anasema kuna njia nyingine. Tung'oe pamba yako na ule ubao, tuutupe, tutafute ubao mwingine. Hapo mkono wako utakuwa haumo."

"Ubao mwingine uko wapi?"

"Hakuna," alisema. "Mvule huu niliungoja mwaka mzima."

Nilijua kwamba nikisema ng'oa, nitamwacha avue tena kwa mashua ya mtu, na nikisema nitabaki, mama atakuwa handakini. Sikuwa na la kutoa, ila jambo moja nililolijua ambalo wao hawakulijua. Nililisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Kwetu nyumba hujengwa siku moja."

"Nyumba ya nini? Ya kuku?"

"Ya watu. Wanakuja wengi alfajiri. Jioni moto unawaka ndani."

"Siku moja?"

"Ikilala bila paa ni mbaya."

Alicheka, mara ya kwanza nimwone akicheka. Akamtafsiria bibi, naye bibi hakucheka. Aliuliza kitu, fundi akajibu, akauliza tena, wakaendelea hivyo. Baadaye nilielewa ubishi ulikuwa nini: watu wengi wakishika mashua, wote watalazimika kuwa ndani yake siku ya kwanza. Bibi alikuwa akihesabu watu ambao mashua ingeweza kuwabeba bila kuzama.

"Kumi na mmoja," fundi alisema mwisho. "Mama anasema kumi na mmoja, na wewe ukiwemo. Kama watakubali kuwa wajinga."

Jumatatu na Jumanne alizunguka kuwaomba. Walikuwa wavuvi, na kila aliyekubali aliacha siku mbili za nyavu zake, moja ya kujenga na moja ya kuingia majini. Jumatano walikuja kabla jua halijatoka, tisa, ndugu yake fundi akiwemo. Mmoja wao, jirani mwenye tumbo kubwa, alisimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Ni huyu? Huyu ndiye anatuamsha? Ametoka milimani na amri ya Gavana?"

"Amri ya mama yake," fundi alisema.

"Aah. Basi hiyo ni kubwa kuliko ya Gavana." Akavua shati. "Leta msumari."

Sijaona tena kazi kama ile. Wanne walishika mbao za kushoto, wawili walichonga viti, wengine tuliziba. Walinicheka mchana kutwa. Waliniita Bwana Nyumba. Waliniuliza mlango tutauweka wapi, na kama moto tutauwasha mbele au nyuma. Jirani mwenye tumbo alitaka kujua kama kwetu pia mtoto huzaliwa kwa siku moja, au huyo mnampa muda. Fundi alipita akikagua kila mwanya, akang'oa kazi ya watu wazima na kuwaamuru warudie, na hakuna aliyenuna. Saa za chakula tulikula tukiwa tumesimama, tukarudi kazini. Jua lilipogusa maji, msumari wa mwisho ulikuwa umeingia. Niliandika: mbao mbili, viti vitatu, watu kumi na mmoja, siku moja.

Alhamisi asubuhi tuliisukuma. Bibi alikwenda mbele akiipigia vigelegele kama kweli ni bibi arusi anayeletwa bomani, na mwalimu wetu, aliyekuja kunifuata, alikunja suruali atusaidie kusukuma, lakini fundi alimfukuza haraka kwa ukali: "Mwalimu, usishike! Tumejaa!"

Iliingia. Ilielea. Tulikaa wote kumi na mmoja, tumebanana magoti, maji yakiwa chini ya ukingo kwa shubiri moja tu. Pamba haikuwa imepata muda wa kukaa, na mbao hazikuwa zimevimba; tulipofika mahali pa kina, maji yalianza kuingia. Yaliingia hapa na pale, lakini zaidi ya pote yaliingia upande wa kulia, kwenye hatua zangu nne.

"Bwana Nyumba," jirani mwenye tumbo alisema kwa upole mkubwa, "paa lako linavuja."

Fundi alinipa kibuyu kilichokatwa nusu. Niliteka na kumwaga, nikateka na kumwaga, sikuinua kichwa, kwa hiyo ziwa lile ambalo nilitoka Thika kuja kuliona sikuliona vizuri siku ya pekee nilipokuwa juu yake. Sikujua kuogelea. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza zaidi ya kusema kwamba sikufikiria kabisa kama mimi ni mtu mzima au mtoto. Walitupa wavu mara moja, kwa desturi, wakapata ngege wanne. Tuliporudi nchi kavu fundi aliniambia pamba itakaa, mbao zitavimba, na kufikia wiki ijayo hautapita hata unywele.

"Haitakutafuta," alisema. "Ulikuwepo. Nenda kwa mama yako."

Ijumaa nilipanda basi. Jumamosi adhuhuri tulishuka Thika. Mama hakuwa stesheni, maana Jumamosi pia ilikuwa siku ya lori, lakini kijana wa ziwani alikuwepo, viatu mkononi, na tulikwenda moja kwa moja ofisini kwa chifu, karibu tukikimbia. Karani aliichukua pasi, akaitazama siku iliyoandikwa, akatazama kalenda ukutani, akaitazama tena. Kisha akachora mstari juu ya dole gumba la mama, mstari mmoja ulionyooka, akaitia kwenye sanduku.

"Mwambie mama yako amejibu vizuri," alisema bila kuinua macho.

Mama alirudi jioni. Hakuuliza kama nimekwenda ofisini. Aliniona nimeketi mlangoni, hiyo ikatosha. Alivua kitambaa chake, akanawa udongo mwekundu wa Ruiru miguuni, akakaa kunisikiliza. Nilimsimulia yote kwa utaratibu, na kwa kuwa nilikuwa na daftari, nilimsomea vipimo. Sikumficha kosa langu. Alitikisa kichwa niliposema kuhusu patasi, akajipiga paja niliposema kuhusu kibuyu. Kijana wa ziwani alikuwa akicheka pembeni na kusahihisha mambo ambayo hakuwepo kuyaona.

"Watu kumi na mmoja," mama alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, maitu."

"Tangu alfajiri mpaka jua kuzama."

"Ndiyo."

"Nani aliwapikia?"

Nilifungua daftari. Hapakuwa na kitu. Nilikumbuka chakula kililetwa, mara mbili au pengine tatu, ugali na samaki na mara moja kuku, na kwamba karai liliwekwa mchangani na kuondolewa likiwa tupu. Nilikumbuka mikono iliyoliweka. Nilikumbuka pia kwamba siku ile yote sikumwona bibi akikaa, na kwamba Alhamisi alipotupigia vigelegele sauti yake ilikuwa imekauka kwa moshi.

"Bibi," nilisema. "Nadhani na mke wa ndugu yake fundi."

"Unadhani," mama alisema.

Kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa, aliomba kwa majirani. Kufikia jioni kikapu chake cha kiondo kilikuwa kimejaa njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua na watu waliofanya kazi nzito, na juu yake viazi, na juu ya viazi kitambaa chake kipya. Jumatatu alfajiri lori lilifika langoni. Mama alionyesha ruhusa yake, askari akaitazama kama alivyoitazama kila siku, akapanda pamoja na wanawake wenzake. Alituamuru kutoka juu ya lori, kijana wa ziwani na mimi, tusiburute kiondo. Tuliposikia lori limepita daraja ndipo tulipokiinua, kila mmoja kwa upande wake, tukaenda nacho stesheni, naye akapanda nacho gari la moshi kumpelekea bibi.

Barua ilifika baada ya majuma sita, mwandiko wa kijana wa ziwani, maneno ya bibi. Mashua ilikuwa haivuji. Fundi alikuwa ameacha kuazima. Maharagwe ya mama yangu yalichemka tangu asubuhi mpaka jioni, na bibi aliuliza watu wanaojenga nyumba kwa siku moja hula nini wakati wanayangoja yaive. Mama alinifanya nimsomee sehemu hiyo mara tatu. Kisha akafikiri, akasema niandike kwamba huyaloweka usiku.

Nilisoma miaka miwili tu zaidi baada ya hapo. Mengine yote ninayoyajua nimeyapata mwenyewe, kwa kuazima vitabu na kupima vitu. Daftari lile ninalo bado, na mafuta ya ng'ombe yamelitia doa pembeni. Ukurasa wa Jumatano una mstari mmoja ambao wino wake ni tofauti na mingine, kwa sababu niliuongeza Kiganjo, Jumamosi ile ile ya kurudi, mama akinitazama mpaka nikamaliza. Baada ya mbao mbili, viti vitatu, watu kumi na mmoja, siku moja, umeandikwa: wapishi wawili, hawakukaa.